Pengo kwenye Mberoshi

Wageni walifika saa kumi kasorobo, robo saa kabla ya wakati waliopewa, na Shangazi akasema huo ndio uzuri wa watu wenye shida: hawachelewi.

"Shangazi, punguza sauti," Sindano alinong'ona.

"Nipunguze kwa nini? Anayekuja kuomba binti ndiye mwenye shida. Sisi tuna nini? Tuna kiti kimoja kilichoteguka mguu tu, na hicho nimemwekea mjomba wake."

Alicheka peke yake, akachukua sinia la vikombe, akapita kwenye pazia. Sindano alibaki chumbani na cherehani yake. Baba alikuwa ameagiza akae humo mpaka aitwe, naye hakuwa mtu wa kubishana na maagizo. Jina la Sindano alipewa tangu shule ya msingi, kwa wembamba wake na kwa uhaba wa maneno yake. Alipokuja kuwa fundi wa nguo, jina lile likamkaa kama kofia iliyopimwa.

Mbele yake palikuwa na gauni jeusi la mteja. Alikuwa akilipinda upindo, pini tatu kazibana midomoni kama wafanyavyo mafundi wote wanaoonywa kila siku wasifanye hivyo. Nyuma yake palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia sebule. Mbele yake lilikuwa dirisha, na nje ya dirisha ulisimama mberoshi.

Mti ule ulikuwa umelipita paa la nyumba. Ulikuwa mnene na wa kijani kizito, majani yake madogo yamelaliana kama magamba ya samaki. Mama yake aliuleta ukiwa mche ndani ya kopo la rangi, Sindano akiwa na miaka sita, akauchimbia shimo kwa mikono yake. Miezi miwili baadaye yeye mwenyewe akachimbiwa lake. Tangu siku hiyo mti haukuguswa na mtu mwingine ila baba yake, ambaye wote walimwita Mzee. Alikuwa amesimamia bustani ya chuo cha ualimu miaka thelathini na mmoja, lakini kazi yake aliyoionea fahari ilikuwa ile ya kupanda ngazi mara moja kwa mwaka, mkasi mkononi, na kuupunguza mberoshi wa mkewe kwa nje tu, kidogo kidogo.

"Mberoshi hunyolewa ndevu," alikuwa akisema. "Haukatwi kidevu."

Na sasa kidevu kilikuwa kimekatwa. Katikati ya mti, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, palikuwa na pengo la ukubwa wa mlango wa kabati. Ndani yake kulikuwa na vijiti vya kahawia, vikavu, visivyo na jani hata moja. Kupitia pengo hilo ilionekana barabara.

Lilikuwa na miezi minne. Mzee alikuwa amekwenda mji mwingine kutolewa mtoto wa jicho, akakaa kwa mdogo wake wiki mbili. Bandeji ilipotolewa na akarudi nyumbani, kitu cha kwanza jicho lake jipya lilichokiona vizuri kilikuwa lile pengo.

Sauti za sebuleni zilipita kwenye pazia bila kuzuiwa. Mjomba mtu, mwashi mwenye sauti ya kokoto, alimaliza salamu, akasifu nyumba, akasifu chai, akajikohoza.

"Sisi tumekuja, kaka, kama tulivyotuma ujumbe. Kijana wetu huyu amemuona binti yako. Na binti, kwa tulivyosikia, naye amemuona."

"Nimesikia," alisema Mzee.

"Ana kazi yake. Ana kitalu chake cha maua, kidogo, lakini ni chake. Hanywi. Akilala hakoromi, mimi nimelala naye chumba kimoja miaka mitano."

"Hilo la kukoroma ndilo la kuandikishana," alisema Shangazi.

Walicheka wote isipokuwa wawili. Sindano aliijua sauti ya kicheko cha Bwana Maua, na hakuisikia. Jina hilo kijana alipewa na Shangazi siku ya kwanza alipokuja kuuza miche mlangoni. Siku ya pili alikuja bila miche, akasema ameipitia tu njia. Siku ya tatu aliulizwa njia hiyo inakwenda wapi, akaomba maji ya kunywa.

"Kijana," Mzee alisema, "nataka kukuuliza jambo la kazi. Wewe ni mtu wa mimea, na mimi nilikuwa mtu wa mimea."

"Naam, mzee."

"Mtu ana uwanja mbele ya nyumba yake. Mmoja anamshauri apande mberoshi, mwingine anamshauri waridi la jangwani, kama yale unayouza. Wewe utamwambiaje?"

Kisha Bwana Maua akaanza kusema, na Sindano akaiacha mikono yake ikatulia juu ya kitambaa, kwa kuwa alipenda kumsikia akisema kazi yake.

"Kwanza nitamuuliza ana subira kiasi gani. Mberoshi ni mti wa mtu asiye na haraka. Miaka yake ya mwanzo unataka maji na uangalizi, unataka kukaa mbali na ukuta. Hautoi ua la kutazamwa. Lakini ukishasimama, umesimama. Unakinga upepo, unakinga vumbi, kijani chake hakiulizi ni msimu gani. Aliyeupanda akifa, wenyewe bado upo."

"Na waridi?"

"Waridi la jangwani ni kichaka cha watu wa jua. Maji yake linayaweka tumboni, pale chini shina lilipovimba kama mtungi. Ukilisahau wiki tatu halikununii. Linachokichukia ni maji yaliyotuama, hayo yanaliozesha. Linachanua kweli, hata likiwa chunguni. Ila utomvu wake ni sumu, ukilishika unanawa, na mbuzi asilifikie. Na ukihama, unalibeba." Akasita. "Kwa kifupi, mzee, mimi huwaambia wateja: mpangaji apande waridi, mwenye nyumba apande mberoshi."

"Hiyo ni nzuri," alisema Mjomba, akimpongeza kama aliyeyatunga yeye.

"Ni nzuri sana," alisema Mzee. "Na mkasi je? Tofauti yao mbele ya mkasi ni ipi?"

Sindano aliinua kichwa. Nje, upepo ulikuwa ukitikisa mti wote isipokuwa vile vijiti vya pengoni.

"Waridi ukilikata linashukuru," Bwana Maua alisema taratibu. "Ukikata tawi moja linatoa matatu. Hata lile tawi ulilolikata, ukilitunza, linakuwa kichaka kingine. Mberoshi ukikata kwenye kijani unajaza. Ukipita kijani ukaingia kwenye ubao wa ndani, hapo hapachipui tena. Milele."

"Kumbe unajua."

"Najua, mzee."

"Majirani walimwona aliyeshika mkasi wangu. Nilikuwa nikijiambia labda hakujua. Labda amezoea kukata mawaridi yake, akadhani kila mti una moyo mmoja. Kosa la namna hiyo mtu analisamehe. Lakini wewe ulijua."

"Nilijua."

Mzee akainua sauti. Hakufoka. Aliinua sauti kama mtu anayesema na aliye mbali, ingawa waliokuwa sebuleni wote walikaa hatua mbili kutoka kwake.

"Basi niambieni, nani alisema ukatwe?"

Sindano alikuwa na pini tatu midomoni.

Aliikumbuka siku ile kama anayeitazama dirishani. Yeye ameketi hapa hapa, Bwana Maua yuko nje mbele ya mberoshi, mkasi wa Mzee mkononi.

"Nikiingia kwenye kahawia hapa hapatarudi," alikuwa amemwambia. "Si mawaridi yangu haya. Huu mti hausahau."

"Kidogo tu. Nikikaa kwenye cherehani nione barabara. Nikuone ukija."

"Tupunguze hapa pembeni basi."

"Pembeni hakuna macho yangu. Kata hapo."

"Mzee ataniua."

"Nitamwambia ni mimi. Kata."

Alikuwa amemtazama kupitia majani, muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa cha watu kabla ya kukitia mkasi. Kisha akasema, "Haya, bibiye. Kwa macho yako." Na akakata. Mwanga ukaingia chumbani kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, ukamwangukia Sindano mapajani, na wote wawili wakacheka kama wezi.

Nitamwambia ni mimi. Baba aliporudi, akasimama mbele ya mti mpaka chai ikapoa mezani, neno halikumtoka Sindano. Akaahidi moyoni kesho. Kesho yake ikapata kesho yake. Miezi minne.

"Ni mimi mwenyewe, mzee," alisema Bwana Maua sebuleni. "Hakuna aliyeniambia."

Baada ya hapo ikaja nafasi. Sindano aliikumbuka nafasi ile maisha yake yote, urefu wake na upana wake. Kijiko hakikugonga kikombe. Sebule nzima ilikuwa imegeukia pazia, na yeye aliliona pazia kwa mgongo wake. Ilikuwa ni kutema pini na kusema maneno mawili. Hata moja lingetosha.

Pini zilibaki pale pale.

"Basi," alisema Mzee, na sauti yake ilikuwa imechoka ghafla. "Mjomba, nakushukuru kwa kunipa heshima ya kuja. Binti yangu simtoi."

*

Sindano alimkuta langoni. Mjomba alikuwa ametangulia, na lile koti lake la wageni lilikwishavuliwa, limetupwa begani. Bwana Maua alisimama kivulini mwa mberoshi, ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti.

"Zilikuwa pini," Sindano alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa na pini mdomoni."

Alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Sindano kuliko hasira.

"Nilikungoja," alisema. "Aliponiuliza, nilijibu polepole makusudi. Unajua nilivyojibu polepole? Nilidhani unakuja."

"Ningemwambiaje mbele ya wageni? Ule ni mti wa mama. Ingemuua."

"Na mimi je, haikuniua?"

"Usiseme hivyo, tafadhali."

"Haya." Alivuta pumzi. "Sijutii kukata. Nataka ulijue hilo. Ungeniambia tena leo, ningekata tena. Ila nilikata ili unione. Na leo nilikuwa hatua nne kutoka kwako, na hukuniona."

Sindano alilia kama alivyofanya mambo yake yote, bila sauti. Bwana Maua aliinua mkono kumfuta, kisha akakumbuka kitu, akaurudisha.

"Nina utomvu mkononi," alisema. "Utakuumiza macho."

Akafungua gazeti. Lilikuwa tawi la waridi la jangwani, nene kama kidole gumba, majani machache juu, na chini jeraha jeupe linalotoka maziwa.

"Nimelikata asubuhi kwenye lile kubwa, mama yao wote. Nilitaka tukikubaliwa tulipande pamoja pale chini ya pengo. Nilidhani litamchekesha Mzee." Akampa. "Usilipande leo. Lining'inize kivulini siku saba, jeraha likauke. Ukilipanda na kidonda kibichi, linaoza."

"Siku ya saba uje tulipande."

"Ile kazi ya bustani za hoteli niliyokuambia, kule mbali. Walitaka jibu. Nilikuwa nimewaambia nitasema baada ya leo."

"Na umewaambiaje?"

"Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi."

"Ukiondoka utarudi?"

Alimtazama uso wote, paji, macho, midomo, kama msafiri anayehakiki kama amefunga kila kitu. Kisha akaenda. Sindano alikimbilia chumbani, akaketi kwenye cherehani, na kupitia pengo lililokatwa kwa ajili hiyo, akamuona. Alimuona vizuri sana. Mgongo wake, shati lake jeupe la kuposea alilomshonea yeye mwenyewe, bega la kushoto lililokaa chini kidogo kuliko la kulia. Alimuona mpaka kona, na kona ikammeza.

*

Tawi alilining'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila asubuhi aliligusa chini kwa ncha ya kidole. Siku ya kwanza lilikuwa bichi, siku ya tatu lilianza kufanya ngozi.

"Unalinyonyesha hilo tawi?" Shangazi aliuliza siku ya tano. Alipoona mzaha wake haukupokewa, akakaa kitandani, akashusha sauti yake kwa mara ya kwanza labda tangu azaliwe. "Mwanangu. Mimi nilikuwa sebuleni. Nilimuona yule mtu akilitazama pazia. Mtu hatazami kitambaa namna ile."

Siku ya saba jeraha lilikuwa limekauka, gumu kama kwato. Sindano alilichukua, akatoka nje. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, anautazama mti.

"Baba. Ni mimi niliyesema ukatwe."

Mzee hakugeuka.

"Yeye alinikataza. Alisema hapatarudi. Nikamlazimisha. Nilitaka nione barabara. Nikasema nitakuambia, sikukuambia. Nilikuogopa."

"Najua, mama," alisema Mzee.

Upepo ulivuma, ukapita pengoni kwa mlio mwembamba.

"Unajua nini?"

"Siku niliporudi nyumbani nilisimama pale nje nikajiuliza: mwizi gani huyu anakata katikati tu? Kisha nikaingia chumbani kwako, nikaketi kwenye kiti chako. Pengo lilikuwa mbele ya macho yangu sawasawa, na barabara ndani yake. Nikajua limepimwa na nani."

"Na hukusema. Miezi minne hukusema, Baba."

"Nilikuwa nakungoja."

"Basi kwa nini ulimkatalia? Kama ulijua si yeye."

Sasa aligeuka. Lile jicho lililotibiwa lilikuwa safi kama la mtoto, na lilikuwa na machozi.

"Swali lile sikumuuliza yeye," alisema. "Nililisema kwa nguvu ili lipite kwenye pazia. Nikamuona kijana wa watu anaubeba mzigo usio wake, analitazama pazia. Na pazia halikufunguka. Nikajiambia, huyu nikimpa binti yangu, atabeba peke yake maisha yake yote. Nilimkatalia kwa ajili yake, mama. Ungetoka, hata kama ungetoka bila kusema, ningewapa na mberoshi wenyewe."

Sindano aliketi chini, pale pale kwenye mavumbi, tawi mkononi. Baba yake naye akashuka kwenye kiti, kwa taabu ya magoti yake, akaketi kando yake. Hakumshika. Hakuwa amezoea.

"Nilikosea na mimi," alisema. "Mzazi mzuri haulizi swali kupitia pazia. Mpigie simu."

Alimpigia. Iliita sana. Ilipopokewa kulikuwa na sauti ya maji yakimwagiliwa, na watu wakicheka mbali.

"Nimemwambia Baba," alisema.

Maji yalifungwa.

"Umefanya vizuri," Bwana Maua alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulikuwa wa mtu anayezungumza na mteja mwema. "Umefanya vizuri sana. Amesemaje?"

"Anasema urudi. Na mimi nasema urudi."

Bwana Maua akauliza, "Umelipanda?"

"Leo ndiyo siku ya saba."

"Jeraha limekauka?"

"Limekauka."

"Langu la moyoni nililitazama asubuhi," alisema. "Nilidhani nitakuta kimeanza kuchipua kitu. Nilitaka kweli kweli nikute." Akafungua maji tena. "Mchanga uwe mwingi kuliko udongo. Maji usitie mpaka uone jani jipya. Sawa, bibiye?"

"Sawa," alisema Sindano, kwa sababu ndilo neno pekee lililotoka.

Walilipanda jioni ile, yeye na baba yake, ndani ya kopo la rangi. Lilishika. Limechanua kila mwaka tangu hapo, maua mekundu yenye koo jeupe, ingawa chini halikufanya tumbo kubwa kama yale yaliyotoka kwenye mbegu. Matawi ya kupandikizwa mara nyingi ndivyo yalivyo: yanachanua tu, bila akiba.

Mzee aliendelea kupanda ngazi mara moja kwa mwaka mpaka mwaka ule ambao hakuweza tena. Aliunyoa mti kotekote, ila pengo hakuligusa, na kabla hajaondoka duniani alimuagiza Sindano asiruhusu mtu kuliziba kwa kuvuta matawi kwa kamba wala waya. Barabara bado inaonekana humo. Wanapita wanafunzi, wanapita wauza maziwa, na mara moja moja hupita shati jeupe, na mguu wa Sindano huacha kukanyaga cherehani mpaka lipite.

Wateja humletea nguo nyeusi kutoka mbali, zile ambazo mafundi wengine huzikimbia kwa kuwa uzi mweusi hauonekani kwenye kitambaa cheusi. Husifu mshono wake. Humuuliza anafanyaje, kwa macho ya umri ule.

"Si macho," huwajibu, huku akitoa pini mdomoni kwanza, moja moja, na kuzichoma kwenye mto wake. "Nina mwanga mzuri hapa."

Na huisogeza nguo kidogo, pale unapoangukia.